Dagaa Tena! Jikoni kwa Mama wa Ujiji

Akina mama wengi wanaijua taabu hii: chakula kipo, lakini watu wa nyumbani wamekichoka. Jana dagaa, leo dagaa, na kesho ni hao hao. Mtoto akilitazama bakuli hugeuza uso. Mwezi wa Septemba 2024 nalisafiri kwenda Kigoma, na huko nikamwona mama mmoja aliyeiponya taabu hiyo bila kuongeza fedha ya matumizi.

Safari yenyewe ni ndefu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na msafiri atokaye Dar es Salaam hukata nchi zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kuliona ziwa. Ukishuka stesheni maji yako karibu nawe, na mbali, ng'ambo ya pili, ni milima ya Kongo. Watu huamkiana “Mwakeye!” kwa lugha ya Kiha, na mgeni akiitikia vizuri hupata marafiki mara moja.

Asubuhi nikaenda Kibirizi, kaskazini ya mji, kuwatazama wavuvi wakirudi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi hutumia taa za betri au za nguvu ya jua. Dagaa hufuata mwanga, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, nao wavuvi hupumzika. Kukicha, akina mama huwaanika dagaa juani, wengine mchangani, wengine juu ya chanja. Jua likiwa kali, siku moja yatosha.

Kutoka hapo nikapanda gari mpaka Ujiji. Wageni wengi huenda Ujiji kwa ajili ya kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi nilikwenda kwa mwenyeji wangu, mke wa mvuvi na mama wa watoto watatu, naye akanipokea jikoni. Mchana ulipofika, mtoto wake wa kati, mwenye miaka minane hivi, akafunua chungu, akasema, “Mama, dagaa tena?”

Mama hakumkemea. Akanigeukia, akaniambia, “Dada, huyu unayemsikia, mwezi wa Julai alikuwa akiniuliza kila siku, ‘Mama, dagaa lini?’”

Maana mwaka huo, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na duniani linashindwa na Baikal tu. Lakini tusidanganyike na kina hicho. Huko chini sana maji hayana hewa ya kutosha. Samaki huishi katika maji ya juu. Tena maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki vema na yale ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki hupungua. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zote huchota katika chungu hicho kimoja.

“Miezi ile mitatu tulikula maharage na mboga za majani,” akasema yule mama. “Mume wangu alishika jembe. Ziwa lilipofunguliwa tulifurahi wiki mbili tu, kisha manung'uniko yakarudi. Nikaona kosa si la dagaa. Kosa ni langu, kuwapika kwa namna ile ile.”

Basi nikakaa kwake siku tatu, nikajifunza mapishi matatu.

Siku ya kwanza: dagaa wakavu. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, hasa kama walianikwa mchangani, uwakamue maji. Wakaange kidogo katika sufuria kavu mpaka wanukie, uwatoe. Weka mawese kidogo, kitunguu na nyanya. Nyanya zikiiva rudisha dagaa, tia chumvi, na mwisho kamulia ndimu. Usiwaache motoni muda mrefu, watalainika kupita kiasi.

Siku ya pili: mgebuka mbichi. Mkate vipande, umpake chumvi na ndimu, umwache kidogo. Panga vitunguu na nyanya chini ya sufuria, vipande juu, maji ya kufunika tu, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Usikoroge kwa mwiko. Shika sufuria uitikise, samaki asivunjike. Huliwa na ugali wa muhogo, na mchuzi wake hunywewa.

Siku ya tatu: kisamvu, ambacho wengi huku hukiita sombe. Kitwange, ukichemshe sana mpaka kiive kabisa, kisha tia mawese, kitunguu na konzi moja ya dagaa. Konzi hiyo moja ililisha watu sita. Hapo nikaelewa kwamba mapishi haya huwafaa zaidi wenye fedha kidogo, na hufaa siku za mbalamwezi samaki wanapoadimika.

Jioni ile mtoto yule hakuuliza kitu. Alikula, akaikwangua sufuria, kisha akamwuliza mama yake, “Kesho?”

“Kesho dagaa,” akajibu mama. Sote tukacheka, hata mtoto mwenyewe.

Ndugu msomaji, huenda unakaa mbali na ziwa, na dagaa wa Kigoma huwapata sokoni wakiwa wakavu tu. Si neno. Anza na pishi la kwanza wiki hii. Nunua kidogo, osha vizuri, na usisahau ndimu.