Saa za Msimu wa Korosho

Anayekusanya saa za watu wa kawaida hutafuta kwanza mahali fedha ilipopita. Bukoba na Kilimanjaro ilipita na kahawa, Usukumani na pamba, kusini na korosho. Mkulima akishalipwa, akaezeka bati, akanunua baiskeli na bado akabakiwa na kitu, alinunua saa. Nilikuwa nimechoka kuzungukia meza za Kariakoo, ambako saa kuukuu zimepita mikono mingi ya wachuuzi hata hakuna anayejua ilivaliwa na nani wala wapi. Nikakata tiketi ya basi la Masasi. Kabla ya hapo sikuwahi kuvuka Rufiji.

Tuliondoka Mbagala gizani. Jua lilipopanda tulikuwa juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, na abiria wa makamo wakaanza kusimuliana habari za kivuko: foleni, matope, kulala njiani na mizigo. Daraja lilifunguliwa 2003 na limepewa jina la mtu wa huko huko tulikokuwa tunakwenda. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Baada ya hapo ni Nangurukuru, Lindi, Mnazi Mmoja, kisha barabara inaiacha bahari na kuelekea Ndanda.

Njia nzima nilitazama mikono ya watu. Konda alikuwa na Casio F-91W, ile nyeusi ndogo ya namba, inayotengenezwa tangu 1989 karibu bila kubadilika. Wapo wakusanyaji wanaoidharau kwa sababu ni ya plastiki na bei yake ni ndogo. Mimi naiheshimu sana. Betri moja hukaa kama miaka saba, haiombi chochote, na imempa fundi bomba, mwanafunzi na dereva wa bodaboda wakati sahihi kuliko saa nyingi za dhahabu. Ya konda kioo kilikuwa kimechubuka, na mkanda ulikatika zamani ukashonwa kwa uzi wa nailoni. Alipoona namwangalia alinyoosha mkono na kuniambia zilizobaki kufika Ndanda ni dakika arobaini. Hakukosea sana.

Masasi inakupokea kwa mawe. Milima mitupu ya miamba, Mkomaindo ikiwa mmojawapo, imesimama katikati ya tambarare na mji umejikunja miguuni pake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alileta hapa watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, wakajenga kijiji. Leo ni mji wa wafanyabiashara, maghala na pikipiki, na karibu na stendi nikampata fundi saa wa kwanza: kijana mwenye meza ya kioo, taa ya sola na lenzi aliyoining'iniza shingoni kwa uzi.

"Kaka, unauza au unatengeneza?" aliniuliza.

Nikamwambia nanunua zilizokufa. Akacheka kwa furaha, akainama chini ya meza na kuibuka na kopo la maziwa ya unga. Riziki yake ni betri na mikanda, hakunificha, na saa za mashine humjia moja moja kutoka vijijini. Lakini hakuna fundi anayetupa mashine. Lile kopo alilirithi kwa aliyemfundisha kazi, na tulipolimimina juu ya kitambaa zilitoka Citizen mbili zisizo na mgongo, Ricoh yenye kalenda, Oris ya kutia ufunguo, Seiko kadhaa zilizochanganyikana viungo, na HMT moja iliyonifanya nivute kigoda na kukaa.

HMT ni saa ya Kihindi. Kiwanda kilianzishwa Bangalore mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen ya Japani, kwa nia iliyotangazwa wazi kwamba kila Mhindi wa kawaida aweze kuvaa saa iliyotengenezwa nyumbani. Mwaka 2016 serikali ya India iliamua kuifunga kampuni hiyo ya saa. Hii ya Masasi ilikuwa ya kutia ufunguo, ya vito 17, kioo chake cha plastiki kimefifia kwa mikwaruzo. Kijana akachukua dawa ya meno na pamba, akasugua kwa duara ndogo ndogo, na tulipomaliza kunywa chai namba zilikuwa zinasomeka. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya majani makavu. Akaniuliza kama nataka aupake upya. Nikamsihi asiuguse. Huko mtandaoni zimejaa saa zilizopakwa uso mpya wa rangi kali na kuuzwa kama za kale; zinang'aa, na ndani yake hakuna kilichobaki cha mtu aliyezivaa. Uso uliochujuka kwa jua nausoma kama karatasi ya kodi: unaonyesha ni kipi kilichotolewa, na kwa muda gani.

Nilinunua ile HMT na Oris. Kuhusu Seiko alikuwa mkweli. "Panda Newala, kaka. Kule wazee bado wanazo mkononi, na yuko mzee anayezijua."

Kutoka Masasi gari linakwenda tambarare kwa muda, kisha linaanza kuparamia ukingo wa uwanda wa Makonde, na hewa inabadilika. Ulikuwa mwezi wa Julai. Newala ina baridi ya kweli mwezi huo. Ukungu unakaa juu ya mikorosho hadi jua liwe kali, na watu wanatembea na makoti. Julai ni mwezi wa salfa pia. Mikorosho inapotoa maua hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoacha unga mweupe juu ya maua na kuyakausha, na dawa iliyozoeleka ni unga wa salfa unaopulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Tulipita mashamba ambayo ukungu wake ulikuwa wa manjano.

Mzee niliyeelekezwa alikuwa amekaa barazani kwa duka la vitambaa, karibu na soko, nyuma ya kisanduku cha mbao chenye droo sita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ukae upande huu, hapo unanizibia mwanga."

Kabla hata sijaeleza nimefuata nini alikuwa ananionyesha kazi aliyokuwa nayo. Kwa koleo yake nyembamba aliinua kipande cha shaba kilichokuwa cheusi ukingoni. Salfa, akasema. Mkulima anapuliza mikorosho na saa ikiwa mkononi, unga unakaa kwenye kifundo cha pembeni, jasho linauyeyushia njia, na kama mpira wa ndani umekauka unaingia mpaka kwenye mashine. Salfa na unyevu huishambulia shaba na fedha na kuziacha nyeusi. Mafundi wa Dar es Salaam niliowazoea hulaumu maji. Huyu alinifundisha kwanza kunusa mgongo wa saa kabla ya kuufungua.

Alisema pia kwamba Julai ana nafasi ya kuzungumza kwa sababu watu hawana fedha. Kazi humjia kuanzia Oktoba, korosho zikishaingia maghalani, minada ikafanyika na vyama vya msingi vikalipa. Hapo saa zilizolala makabatini mwaka mzima hushushwa siku moja. Anazipanga kwenye droo kwa majina ya vijiji.

Siku ya pili yangu pale alikuja mtu wa miaka hamsini na kitu, mkulima, akavua saa na kuiweka mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa Seiko 5. Jina hilo lilianza 1963, na tano hizo zilikuwa ahadi kwa mnunuzi: inajijaza yenyewe, siku na tarehe katika kidirisha kimoja, haiingii maji, kifundo kimefichwa pale namba nne, na ganda na mkanda wake ni vya kudumu. Kwa mtu wa shamba, hakuna ahadi iliyofaa zaidi. Hii ilikuwa inasimama usiku.

"Ya mjomba," alisema mwenyewe, na mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba maelezo yamekamilika. Wamakonde hurithi upande wa mama. Mtoto wa dada ndiye anayepokea. Mjomba aliinunua Lindi kwa fedha za korosho, akaivaa mpaka alipofariki, ikaja kwa mpwa.

Nikaomba kuutazama mgongo. Chini ya jina kulikuwa na tarakimu 6119, aina ya mashine, na kando yake namba ya ganda iliyoanza kwa 3N. Seiko za enzi hizo hujitaja zenyewe: alama ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na N ni Novemba. Mashine ya 6119 ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, kwa hiyo tatu haiwezi kuwa ya 1983. Saa ilitoka kiwandani Japani Novemba 1973.

Niliwaambia, na tukanyamaza wote watatu. Msimu wa 1973/74 ndio Tanzania ilipofikia kilele cha korosho, tani zipatazo 145,000. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, mashamba yakabaki mbali na nyumba, bei na magonjwa yakamalizia, na kufikia 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 17,000. Mpwa alikuwa anajua habari hiyo kwa njia nyingine. Mjomba, alisema, baada ya ile saa hakununua tena kitu cha dukani kwa miaka mingi.

Mzee alipoifungua nilitarajia aanze na mishale, kama wengi wafanyavyo. Mwenyewe akamzuia: "Mzee, mishale uirudishe ilivyokuwa." Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Ilikuwa asubuhi, saa nne na robo, na mshale mfupi ulikuwa umepita nne kidogo. Saa karibu zote nchini tunazisoma kwa kuvuka upande wa pili: mshale uko kumi, tunasema nne. Hii ilikuwa imetegwa kwa Kiswahili.

Nikauliza kuhusu tarehe. Mashine hubadili tarehe mishale inapokutana juu, mara moja kwa kila mizunguko miwili ya mshale mfupi. Kwa saa iliyotegwa kama zetu hiyo ni saa sita usiku. Kwa saa ya mjomba mishale hukutana juu saa kumi na mbili alfajiri na saa kumi na mbili jioni, na marehemu alichagua jioni. Jua la Alhamisi likizama na adhana ya Magharibi ikilia, kidirisha kinageuka kuelekea Ijumaa. Siku ya Mwislamu huanza Magharibi, na saa ya Kijapani ilikuwa inaifuata miaka yote hiyo bila kubadilishwa hata msumari mmoja. Wakusanyaji tunaonyana tusisukume kalenda kwa mkono kati ya saa tatu na saa tisa usiku, maana wakati huo meno yake yameshikana. Kwa saa hii onyo linahamia kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Mpwa alilijua. Mjomba alimwambia asiibonyeze baada ya Alasiri, bila kumpa sababu.

Mzee aliifumua kipande kwa kipande. Chini ya pendulo inayozunguka kuna mkono mdogo wenye ncha mbili ambao Seiko waliubuni 1959. Huvuta gurudumu upande wowote mkono wa mvaaji unapoyumba. Ncha zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa mafuta yaliyokauka na kugeuka gundi, na mpira wa mgongo ulivunjika alipougusa. Alisafisha kila gurudumu kwa benzini na brashi, vito akavitoboa uchafu kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, akaviacha vikauke chini ya glasi iliyofunikwa.

"Nenda ukaone Shimo la Mungu," akaniambia, "hapa sasa hatuhitajiki."

Ukingo wa uwanda pale unakatika ghafla, na chini kabisa kuna bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Oktoba 1916 majeshi ya Wareno yaliyokuwa yamevuka mto huo yaliishika boma ya Newala, na mwishoni mwa Novemba Wajerumani waliwafurusha. Vita hiyo ndiyo iliyoitoa saa mfukoni mwa mwanamume na kuifunga mkononi. Kabla yake saa ya mkono ilihesabiwa pambo la wanawake. Nilisimama nikiwaza kwamba saa za kwanza za mkono kupita hapa huenda zilivaliwa na maofisa wa majeshi hayo, na kwamba wapagazi waliowabebea mizigo walipelekwa na kusimamishwa kwa amri ya mishale wasiyoruhusiwa kuigusa. Ile Seiko iliyokuwa inakauka sokoni ilinunuliwa na mtu aliyeitega apendavyo.

Niliporudi mzee alikuwa anatia mafuta kwa ncha ya sindano, tone lisiloonekana bila lenzi. Balansi ikayumba, ikashika. Mimi niliweka simu karibu ihesabu mapigo, sita kwa sekunde kama inavyopasa. Yeye aliiweka sikioni, akafunga macho, akasogeza kirekebishi kidogo sana, akaiweka tena sikioni. Simu yangu ikakubaliana naye.

Sikutaja bei. Saa iliyo mkononi mwa mtu na inayotunzwa haina haja ya kabati langu, na anayezunguka vijijini akizivua kwa noti kadhaa simhesabu katika kazi hii. Nilipiga picha ya mgongo na ya kidirisha, kwa ruhusa. Kilichokosekana pale ni vipuri. Mpira mpya haukuwepo. Mzee aliukata kutoka kipande cha tyubu ya baiskeli, akaupaka grisi, na kumwambia mpwa asipulize salfa akiwa ameivaa mpaka mpira wa kweli upatikane.

Kariakoo ipo, mabasi yapo, na konda hupokea kifurushi. Nikatoa daftari na kuandika alivyonitajia: mipira ya mgongo ya 6119 na 7009, vioo vya milimita 30, 30.5 na 31, pini za mikanda, mafuta ya saa kichupa kimoja, na lenzi ya pili kwa ajili ya mjukuu wake, ambaye hukaa naye barazani akitoka shule.

"Vifike kabla ya Oktoba," alisema, "maana malipo yakianza nitakuwa na droo zote zimejaa."