Daftari la Dizeli

Kila Aprili hapa Leeds meza yangu hujaa bili za umeme na gesi. Mimi ni karani wa hesabu. Nakusanya kilowati-saa za maghala na lita za mafuta ya magari, nazizidisha kwa viwango ambavyo serikali huchapisha kila mwaka, ndipo napata tani za gesijoto. Tangu 1 Aprili 2019 kampuni kubwa za Uingereza, hata zisizo kwenye soko la hisa, hudaiwa takwimu hizo ndani ya ripoti ya wakurugenzi. Makali ya sheria yako hapo: tani zimekaa kitabu kimoja na faida, na mkurugenzi anatia sahihi. Wakubwa waliokuwa wakipuuza barua pepe zangu sasa hunitafuta wenyewe.

Nyumbani, Kenya ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi tangu 2016. Inaliruhusu baraza la kitaifa la tabianchi kuzibebesha kampuni binafsi wajibu, na NEMA, mamlaka ya mazingira, kuzifuatilia. Kuruhusu si kudai. Tarehe yenyewe imetoka kwa wahasibu: ICPAK, taasisi yao, imepanga kampuni zenye maslahi ya umma zianze kutoa ripoti za uendelevu kwa viwango vya kimataifa kuanzia 1 Januari 2027.

Mdogo wangu anasimamia stoo katika shamba la maua Naivasha. Mwaka jana alinipigia akiwa amekasirika. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa amewatumia maswali kurasa tisa. “Sasa hawa wanataka nihesabu moshi?”

Nikamwuliza ana rekodi gani. Akanitumia picha za daftari la jenereta: lita, saa, sahihi ya fundi, sahihi ya askari wa lango. Kila siku, miaka minne. Si kwa ajili ya tabianchi. Ni kwa hofu ya wizi wa mafuta. Huku Leeds kuna meneja aliyewahi kunikadiria mafuta ya gari lake huku akitazama dari.

Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.6 za hewa ukaa. Kwa kuwa karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, jenereta hilo ndilo lenye uzito. Tulimaliza hesabu yake jioni moja kwa simu.

Ndege inayoyabeba maua, sheria ya Uingereza haimlazimishi muuzaji wa huku kuihesabu. Hilo ni pengo, tena kubwa.

Nawe unayefanya kazi stoo huko nyumbani, madaftari ya zamani usiyachome.