Sorrento: Mji wa Picha za Mbao

Labda uani kwako uko mchungwa uliozeeka, usiozaa tena, nawe umekwisha noa shoka ili uufanye kuni. Ngoja kwanza. Twende pamoja mpaka Italia ya kusini, kwenye mji mmoja mdogo juu ya bahari. Huko ubao wa mchungwa hugeuka kuwa anga ya asubuhi, ubao wa mjozi ukawa mlima, na ubao wa mzeituni ukawa ukuta wa nyumba ya mvuvi.

Tunaanzia Napoli, nawe usikimbilie garimoshi. Pita kwanza katika Kanisa la Mtakatifu Anna wa Walombardi, uombe kuonyeshwa sakristia ya zamani. Watu wengi wakiingia humo huinua shingo, maana dari yake ilichorwa na Giorgio Vasari mwaka 1545. Wewe tazama kutani. Utaona makabati ambayo milango yake imeachwa nusu wazi, na ndani yake vitu vimepangwa. Pengine utaona barabara ya mji inayokwenda mbali. Sogea karibu. Hakuna kabati wala mlango. Ni ukuta wa mbao, laini kabisa kama meza, na yote uliyoyaona ni vipande vya miti mbalimbali vilivyounganishwa.

Kazi hiyo ilifanywa mwanzoni mwa karne ya 16 na Bradha Giovanni wa Verona, mtawa wa shirika la Monte Oliveto, wafuasi wa kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Yeye ndiye aliyefanya pia viti vya kwaya vya monasteri kuu ya shirika lake katika Toscana, miaka ya 1503 hadi 1505. Utauliza, rangi ya kijani ilitoka wapi? Mafundi wa zamani wa Italia waliitafuta msituni, katika mbao zilizolala chini zikaingiwa na kuvu ya namna fulani inayozitia rangi ya kijani mpaka ndani. Mbao ambayo mimi na wewe tungeiruka kwa kuwa imeoza, wao waliiokota.

Basi, sasa tupande garimoshi. Safari ni kama saa moja hivi. Kushoto kwako ni mlima Vesuvio, ule uliolipuka mwaka 79 ukaufunika mji wa Pompei. Kulia ni bahari. Njia hupenya mapango mengi, halafu unafika Sorrento, mji uliokaa juu ya genge lililosimama wima, na chini yake mashua. Kila penye udongo kidogo pana mlimau, mchungwa au mzeituni.

Ingia katika vichochoro vya mji wa kale, vyembamba hata watu wawili wenye vikapu hupishana kwa shida. Sikiliza. Kati ya kelele za wauzaji utasikia sauti ndogo kama ya panya anayetafuna mahindi. Huyo ndiye fundi na msumeno wake.

Msumeno wenyewe unastahili kutazamwa. Wao huuita archetto, yaani upinde mdogo. Na kweli ni upinde wa chuma wenye uzi, ila uzi huo una meno. Ni mwembamba sana, ukiukunja vibaya unakatika. Zamani fundi aliuendesha kwa mguu, kama mama anavyoendesha cherehani, ili mikono yake miwili ibaki huru kuizungusha mbao. Siku hizi wengi wametia mota.

Anachokata si ubao mnene. Ni mabamba membamba ambayo maseremala huyaita vinia, yenye unene wa milimita moja au pungufu. Tuseme anataka ndege wa rangi ya maji ya kunde katika anga nyeupe. Huweka bamba la mjozi juu ya bamba jeupe, akabandika mchoro juu yake, akatoboa tundu dogo kama la sindano, akapitisha msumeno katika tundu hilo, akakata yote mawili kwa pamoja. Hivi ndege wa mjozi anatoka na umbo lile lile la pengo la anga. Anamwingiza humo, naye anaingia sawasawa. Ukiangalia juu ya meza, kuna na ndege wa pili, mweupe, katika anga ya maji ya kunde. Mkato mmoja umezaa picha mbili.

Lakini ndege asiye na kivuli ni kama karatasi. Kwa ajili hiyo fundi ana sufuria ya mchanga juu ya moto. Hukishika kipande kwa koleo, akachomeka ukingo wake katika mchanga wa moto kwa nukta chache, nao ukaungua kidogo kidogo: kahawia hapa, karibu kufifia pale. Akichelewa, kipande ni majivu, naye aanze upya. Mambo madogo mno, kama macho ya mtu, mafundi wa Sorrento huyamalizia kwa kalamu na wino mweusi. Wako wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi siwalaumu, jaribu wewe kukata kope la mtu kwa msumeno.

Mwisho vipande vyote hubandikwa kwenye karatasi, vikatiwa gundi na kugandamizwa juu ya sanduku au meza, vikapigwa msasa na kung'arishwa.

Kazi hii ilishika sana hapa katika karne ya 19, wageni wa Ulaya walipokuja kwa wingi kutazama ghuba ya Napoli wakataka kitu cha kupeleka kwao. Majina ya mafundi kama Luigi Gargiulo na Michele Grandville yalijulikana mbali. Mwaka 1886 ikafunguliwa shule ya kuwafundisha vijana. Ukitaka kuona kazi zao bora, nenda njia ya San Nicola, kwenye jumba la karne ya 18 ambalo sasa ni makumbusho ya kazi hii.

Halafu utapenda kununua. Hapo angalia sana, maana ndipo fundi anaponyang'anywa chakula chake. Katika baadhi ya maduka yapo masanduku mazuri, ya bei nafuu, ambayo picha yake imepigwa chapa tu na kufunikwa na vanishi nene. Kidole hakitakusaidia, vyote viwili ni laini kama kioo. Tumia macho. Peleka sanduku mlangoni penye mwanga, utazame nyuzi za mbao. Katika picha ya chapa nyuzi hukimbia moja kwa moja, zikapita anga, mlima na mashua bila kujali. Katika kazi ya msumeno kila kipande kina nyuzi zake: za anga zalala, za mlima zapanda, na kati yao kuna mstari mwembamba wa gundi.

Mgeni asiyejua huchukua la chapa, kwa kuwa ni rahisi na linang'aa zaidi. Fundi hubaki na lake lililomgharimu siku kadhaa, na mwanawe anaona. Kijana huyo akipita mbele ya mahoteli yaliyojaa wageni, anajua kuwa kubeba sahani kunalipa mwisho wa mwezi. Nani atamshika mkono aketi miaka kwenye msumeno?

Kwa hiyo ukiwa na fedha ya sanduku dogo moja tu, ingia kule unakosikia panya akitafuna. Mwambie fundi akuonyeshe mchungwa uko wapi katika picha. Atakuonyesha kwa ncha ya kisu, na pengine atakutajia miti yote iliyomo, mmoja mmoja. Msikilize mpaka amalize, kisha ushike njia ya stesheni.