Aliyeugua Akili Bado Ana Kazi Yake

Yuko mchoraji mmoja ninayempenda, ingawa picha zake sizielewi zote. Ni Leonora Carrington, mmoja wa wachoraji wa usurealisti, yaani wale waliochanganya mambo ya kila siku na mambo ya ndotoni. Lakini kilichonigusa zaidi ni maisha yake.

Alizaliwa Lancashire, Uingereza, mwaka 1917, binti wa tajiri mwenye viwanda vya nguo. Wazazi walitaka aolewe na mtu wa hadhi. Yeye alitaka kuchora. Akaenda Ufaransa kuishi na mchoraji Mjerumani, Max Ernst. Vita vilipozuka mwaka 1939, Wafaransa walimkamata Ernst kwa sababu ya utaifa wake, wakamwachia, kisha wakamkamata tena. Huzuni na hofu vikamlemea Leonora. Akakimbilia Hispania, na huko, mwaka 1940, akarukwa na akili.

Katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Santander alifungwa kitandani kwa mikanda, akadungwa sindano za dawa iliyomtia degedege. Alipotoka, jamaa zake walipanga kumpeleka hospitali nyingine, Afrika Kusini. Akiwa njiani, mjini Lisbon, akawatoroka waliomsindikiza na kukimbilia ubalozi wa Meksiko.

Nilipofika hapo nilimkumbuka mdogo wangu. Aliugua baada ya kufiwa na mtoto, akalazwa miezi miwili. Aliporudi, nyumba nzima ilimficha visu na mkasi. Hata cherehani yake ilipelekwa kwa jirani. "Apumzike," walisema. Akawa anashinda barazani, mikono mitupu, kama mgeni nyumbani kwake. Siku moja aliniuliza, "Dada, hata sindano mnaniogopea?" Tulimwuliza daktari wake, naye akasema dawa zisikatizwe, na kushona hakuna ubaya. Cherehani ikarudi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiraka cha kaptula ya mwanawe.

Leonora naye alirudia kazi yake. Alifika Meksiko, na mwaka 1946 akaolewa na Chiki Weisz, mpiga picha kutoka Hungaria. Wakapata wana wawili, Gabriel na Pablo. Dada msomaji, usidhani alikuwa na chumba kikubwa na kimya cha kuchorea. Kilikuwa chumba kidogo, ambamo kazi ya kupika, kulea watoto na kuchora zilichanganyika. Rangi zake nyingi alizikoroga kwa kiini cha yai, kama mtu anayepika.

Na mambo ya jikoni yakaingia katika picha zake. Katika "The House Opposite", ya mwaka 1945, wamo wanawake watatu wanaokoroga chungu kikubwa. Katika nyingine, mwanamke mkubwa kama mlima amekumbatia yai dogo mno, na ndege wanaruka kutoka katika joho lake. Wanawe aliwachorea viumbe vya ajabu ukutani na kuwasimulia hadithi zao, zikaja kuwa kitabu. Watu walipomtaka aeleze maana ya picha zake, alikataa.

Alifanya kazi hadi uzeeni, akafariki Mexico City mwaka 2011, akiwa na miaka 94. Mwaka 2024 picha yake moja iliuzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 28. Bei hiyo si kitu kwangu. Ninachokumbuka ni kwamba picha hiyo ni ya mwaka 1945, miaka mitano tu baada ya ile mikanda ya Santander.

Basi kama nyumbani kwako yuko mgonjwa wa namna hii, mpeleke kwa daktari na umsaidie kufuata dawa zake. Usimwite kichaa mbele ya watoto. Kisha, hali yake ikitulia na daktari akikubali, mwulize kazi gani ameikosa. Huenda akataja jembe, mwiko, au ususi. Mpe, umwache aifanye kwa mwendo wake.