Fataki ni ndogo kuliko punje ya mahindi

Najua kimya changu kimekuwa kirefu. Kazi za gazeti zimenibana, na hapa Tunduma stori hazikauki: foleni ya malori ya kwenda Zambia, bei ya mahindi, mizigo ya magendo, kwacha kupanda na kushuka. Leo naomba tuyaache malori yajipange yenyewe, tuzungumzie kitu kingine kabisa. Fataki.

Najua kilichowajia kichwani. Mtanzania wa rika langu akisikia neno hilo anamkumbuka yule mzee wa kwenye matangazo ya redio ya mwaka 2008, mwenye kuwarubuni mabinti wa shule. Nilikuwa shule ya msingi wakati ule, na jina lilishika mtaani kuliko hata ujumbe wenyewe. Kumbe kabla ya kuwa mzee mkware, fataki ilikuwa na kazi yake ya heshima. Na bado inayo.

Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, baruti, kichwa na fataki. Fataki ni kikombe kidogo cha chuma kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda. Kwa bunduki kubwa za kuwindia upana wake ni milimita 5 na ushee, yaani punje ya mahindi ya Mbozi ni kubwa kuliko hiyo. Ndani yake kuna kemikali chache zinazolipuka zikigongwa. Ukivuta kifyatulio, pini inaigonga fataki, moto unapenya kwenye tundu, baruti inawaka, kichwa kinaondoka. Fataki ikigoma, hata uwe na bunduki ya thamani ya Land Cruiser, ulichoshika ni rungu tu.

Haya nimeyapata kwa mzee mmoja pale Vwawa, jirani wa shangazi yangu, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori. Mimi namwita babu. Nilimfuata nikitafuta stori ya wakulima wanaokesha mashambani kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, na stori ya nguruwe pori ikaishia hapo hapo. Akaanza kunisimulia ya tembo.

Ilikuwa upande wa Tunduru, miaka ya sabini. Walitumwa wawili kumwondoa tembo aliyekuwa akimaliza mashamba ya watu. Babu alikuwa na bunduki kubwa ya 404. Tembo akageuka, akaja. Babu akavuta. "Ikalia tk," akaniambia, akigonga kucha ya kidole gumba kwenye kikombe cha chai. "Tk tu, mjukuu wangu. Kama mtu anafunga kitasa."

Sasa sikilizeni hapa, wadau, maana hapa ndipo nilipoacha kuandika nikabaki namwangalia. Kila anayefundishwa bunduki anaambiwa: risasi ikigoma, usifungue. Elekeza mtutu mahali salama, hesabu walau nusu dakika, kwa sababu pengine fataki imeshika moto taratibu na baruti itawaka kwa kuchelewa. Ukifungua mapema, ganda linaweza kukupasukia usoni. Kanuni nzuri sana, ila tembo hajasomeshwa kanuni hiyo. Babu alifungua palepale, akaitupa risasi mbovu, akasukuma nyingine, akapiga. Ya pili iliwaka. Lakini katikati ya hiyo tk na mlio wa pili, mwenzake alikuwa ameshakanyagwa nyonga. Hakufa. Alitembelea gongo mpaka siku alipozikwa.

Risasi zilikuwa za zamani, boksi limepita misimu kadhaa ya mvua kwenye ghala linalovuja. Nilimuuliza kosa lilikuwa la nani. Akasema hiyo ni habari ya ghala, na ghala halina mdomo.

Niliporudi Tunduma nikaanza kusoma. Kumbe kuna nchi, Marekani na Afrika Kusini kwa mfano, ambako mwindaji anajaza risasi zake mwenyewe nyumbani. Anaokota maganda yaliyotumika, anang'oa fataki iliyokufa, anapachika mpya, anapima baruti kwenye mzani mdogo, anaweka kichwa. Na mjadala wao mmoja mkubwa ni huu: fataki ipi?

Swali si la kipuuzi. Risasi ya kivita ya SMG ina baruti kama gramu moja na nusu. Risasi ya 378 Weatherby, iliyotoka Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya wanyama wakubwa, inabeba gramu 7 hivi. Fataki ya kawaida inalishindwa fungu kubwa kiasi hicho, kama kutaka kuwasha tanuru la matofali kwa njiti moja. Ndiyo maana kampuni ya Federal ilitengeneza fataki kali zaidi, namba 215, kwa ajili ya risasi hiyo. Mpaka leo wengi wanaojaza risasi za nyati na tembo huitumia.

Lakini ukali peke yake si jibu. Fataki kali inapandisha mgandamizo ndani ya bunduki, na jua la mchana linaweza kuongeza wake. Kwa hiyo anayebadilisha aina ya fataki anatakiwa kupunguza baruti na kuanza kupanda upya kidogo kidogo, hata kama mengine yote hayajabadilika. Fataki isijitokeze nje ya kitako, maana inaweza kugongwa kabla ya wakati. Isiguswe na mafuta, maana mafuta yanaweza kuiua kimya kimya. Na kila risasi ya kwenda kwa mnyama hatari inajaribiwa kwanza kuingia na kutoka kwenye bunduki, siku kabla ya safari, ukiwa umetulia na mtutu umeelekea mahali salama.

Kuna na historia. Aina mbili kuu za fataki za kisasa zilitoka mwaka 1866, moja ya Mwingereza Edward Boxer, nyingine ya Mmarekani Hiram Berdan. Kichekesho ni kwamba Wamarekani waliichukua ya Mwingereza, na Ulaya ikaipenda ya Mmarekani. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, unasukuma fataki ya zamani kwa pini inatoka. La Berdan lina matundu mawili pembeni, kuling'oa ni shughuli. Sasa risasi za Kynoch ya Uingereza, zilizolisha bunduki kubwa za Afrika kwa miongo mingi, zilikuwa za Berdan. Kynoch ilipoacha kutengeneza risasi hizo kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenye bunduki za 404 na ndugu zake walibaki na vyuma vizuri visivyo na chakula. Waliojua kujaza wenyewe ndio waliendelea.

Jumapili iliyofuata nilirudi Vwawa na daftari langu, nikamsomea babu yote hayo. Alisikiliza vizuri. Aliniongezea kwamba fataki za zamani zilikuwa zinaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, mtutu unaoza kwa kutu. Ndiyo maana walifundishwa kumimina maji ya moto kwenye mtutu kila baada ya kupiga, kisha kukausha na kupaka mafuta. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza:

"Kwa hiyo wenzetu wanachagua?"

Wadau, swali hilo sijaweza kuliondoa kichwani. Mwindaji wa kitajiri anayekuja kupiga nyati kwa starehe amekaa mezani kwake miezi mitatu akilinganisha fataki moja moja. Askari anayetumwa usiku na kijiji kizima kiko nyuma yake anapokea alichopewa. Chaguo lilifanyika mbali, na mtu asiyemjua, pengine miaka 20 kabla.

Sisemi tuanze kujaza risasi uani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni, na naona ni sawa, ukizingatia tunavyoishi kwa kubanana. Ninachosema ni kwamba kama mtu hana ruhusa ya kuchagua, basi anayemchagulia abebe wajibu wote. Boksi liwe na tarehe. Ghala lisivuje. Risasi za zamani ziende kwenye shabaha za mazoezi, mpya ziende porini.

Tangu mwaka 2011 tuna kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa wananchi walioharibiwa mazao au kupoteza ndugu kwa wanyama hatari. Ni jambo jema. Ila machozi yanafutwa baada ya kulia. Risasi mbichi ni ya kabla ya kilio, na ukiiweka kwenye mzani na nyonga ya mtu, ni rahisi mno.

Sisi waandishi nasi tuna swali la kuongeza kwenye daftari. Tukisikia askari kajeruhiwa na mnyama, tunauliza jina, umri, hospitali. Tuulize pia: bunduki ililia? Ililia mara ya ngapi? Risasi ilikuwa ya lini?

Nawasilisha. Mwenye babu, baba au mjomba aliyewahi kushika 404 au 458 serikalini, amuulize kuhusu ile tk. Nina hakika si babu yangu peke yake aliyeisikia.