Msumeno wa Kupasulia Fito za Ndege



Mimi ni fundi seremala hapa Kiriba. Natengeneza vitanda, meza, milango na madirisha. Lakini leo nataka kukueleza habari za ndege. Usicheke. Ni ndege ndogo za miti, zenye mabawa marefu kama mkono wako. Ukipanda juu ya jiwe ukazirusha, zinaelea hewani na kutua taratibu. Anayeziunda ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari. Kazi yake hiyo imenifanya nifikiri sana juu ya swali moja: ninunue msumeno gani wa meza?

Labda wewe hujauona msumeno wa meza. Basi sikiliza. Ni meza ya chuma, na chini yake kuna mota ya umeme. Katikati ya meza kuna ufa. Katika ufa huo linatokeza gurudumu la chuma lenye meno. Msumeno haundoki mahali pake. Ubao ndio unaosukumwa. Kando kuna reli iliyonyooka. Ubao unaegemezwa kwenye reli hiyo ili upasuke sawasawa. Reli hii nitaiita kiongozi, maana ndiyo kazi yake.

Je, ndege ya mtoto inahitaji mashine ya nini? Shoka na panga havitoshi? Havitoshi. Ndege inataka wepesi. Ubawa wake si ubao mzima. Ni fito nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, kisha zikafunikwa kwa karatasi. Ufito ukiwa mnene upande wa kushoto na mwembamba upande wa kulia, ndege inalala upande mmoja na kuanguka. Mpwa wangu anataka fito za milimita 3 kwa milimita 3. Hiyo ni kama njiti nene kidogo. Fito zote ziwe sawa, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hata ndege kubwa zilianza hivyo. Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walirusha ndege yao yenye injini. Ilikaa hewani sekunde 12 tu mara ya kwanza. Mwili wake ulikuwa wa fito za mti, na mabawa yake yalikuwa ya kitambaa. Tena katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda ndege ya vita iliyoitwa Mosquito, yaani Mbu. Sehemu kubwa yake ilikuwa mbao. Katikati ya mbao hizo walitia mti mwepesi uitwao balsa, ambao kwa wingi hutoka nchi ya Ekwado, Amerika ya Kusini.

Sisi hapa hatuna balsa. Lakini kando ya Ziwa Victoria, penye matete, kuna mti wenye miiba na maua makubwa ya manjano, ambao ni mwepesi mno. Wavuvi wa zamani waliufanya maboya ya nyavu. Mpwa wangu anautumia kwa pua ya ndege na kwa ncha za mabawa. Hatukati mti ulio hai. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tunaokota vipande vikavu vilivyosukumwa na mawimbi. Tena naenda mimi, si mtoto, kwa sababu penye matete ndipo anapopenda kulala mamba. Mti huo ni laini kama mkate, basi unakatwa kwa wembe. Fito za ubawa zinataka mti wenye nguvu zaidi. Kwa hizo tunatumia paini iliyonyooka nyuzi, isiyo na vifundo.

Sasa tufike kwenye msumeno wenyewe. Iko misumeno ya aina nyingi, lakini kwa kazi hii gawanya mara mbili tu. Uko mkubwa wa fundi samani, wenye gurudumu la milimita 250 hivi. Uko pia mdogo sana wa kuweka juu ya meza ya kawaida, wenye gurudumu la milimita 100 au pungufu. Huo mdogo umetengenezwa hasa kwa watu wanaounda ndege, meli na nyumba za mfano.

Watu wengi hutazama nguvu ya mota kwanza. Mimi nakuambia, tazama kwanza unene wa meno. Meno ya msumeno hula mti. Kinacholiwa kinakuwa unga, na unga haurushi ndege. Msumeno mkubwa unakula kama milimita 3 kila unapopita. Ule mdogo unakula kama milimita 1.

Chukua kalamu tupige hesabu. Una ubao wenye upana wa milimita 100. Unataka fito za milimita 3. Kwa msumeno mkubwa, kila ufito unakula milimita 3 zake na milimita 3 za unga. Utapata fito 17. Karibu nusu ya ubao imekuwa unga. Kwa msumeno mdogo, ufito mmoja ni milimita 3 na unga ni milimita 1. Utapata fito 25. Ubao ni uleule, bei ni ileile, lakini una fito 8 zaidi. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha hesabu hii kwenye daftari lake. Niliirudia kwa kidole, nikaikuta sawa.

Kwa hiyo ninunue mdogo? Hapo ndipo penye ugumu. Akiba yangu inatosha mashine moja. Msumeno mdogo haupasui ubao wa kitanda, na kitanda ndicho kinacholisha nyumba. Tena msumeno wa namna hiyo ni wa kuagiza kutoka mbali. Gurudumu likivunjika, utalipata wapi Musoma? La msumeno mkubwa linapatikana kwa urahisi zaidi.

Jambo lingine la kutazama ni kibati cha mota. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine za mitumba kutoka Marekani ni za volti 120, na za Japani ni za volti 100. Ukiichomeka ukutani bila transfoma, inatoa moshi na fedha yako imekwisha. Soma kibati kabla ya kuuliza bei. Ukishajua kusoma, usimwachie muuzaji akusomee.

Kisha zungusha gurudumu kwa mkono, mashine ikiwa haijachomekwa. Je, linacheza kulia na kushoto? Likicheza, fito zitakuwa na mawimbi. Pima umbali toka kiongozi hadi jino la mbele, halafu toka kiongozi hadi jino la nyuma. Vipimo viwe sawa. Kama nyuma ni pembamba kuliko mbele, mti unabanwa, na msumeno unaurusha kwa nguvu kumwelekea anayesukuma. Nyuma ya gurudumu pawepo bamba la chuma la kuzuia mti usifunge. Bamba hilo lisiwe nene kuliko njia iliyokatwa na meno. Ndiyo maana huwezi tu kutia gurudumu jembamba kwenye mashine kubwa na kuanza kazi. Mti utagota kwenye bamba, na mtu mwenye haraka ataling'oa.

Haraka hiyo naiogopa. Gurudumu la milimita 250 likizunguka mara 3,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 140 kwa saa. Namjua fundi mmoja ambaye mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Alikuwa anapasua kipande kifupi, akakisukuma kwa vidole. Ufito wa ndege ni mwembamba kuliko kipande chake. Dada yangu aliposikia habari za mashine alikuja kwangu akaniambia, "Kaka, mkono wa mwanangu hauna spea." Sikuwa na jibu siku ile. Nilimkaribisha chai.

Jibu nimelipata baadaye, na nitakueleza nilivyoamua. Nanunua msumeno mkubwa wa samani, wenye bamba lake na kifuniko chake. Juu ya ufa wa meza nitaweka kibao chembamba, nikipandishe gurudumu likitoboe lenyewe, ili nafasi kando ya meno isimeze kipande. Mimi nitapasua ubao wa paini kuwa vibao vipana vya unene wa milimita 3, nikivisukuma kwa kijiti cha papi, si kwa mkono. Hiyo ndiyo kazi ya mashine, na inaishia hapo. Kutoka kibao hadi ufito, mpwa wangu atatumia kisu kikali na rula ya chuma. Kisu hakitoi unga. Ukikata kwa kisu, kibao cha milimita 100 kinatoa fito 33. Ni kazi ya polepole. Anapitisha kisu mara tano au sita kwa wepesi, asibonyeze, maana kisu kikibonyezwa kinafuata nyuzi za mti na kupotoka.

Yeye hakufurahi sana. Alisema, "Mjomba, wenzangu wa nchi nyingine wana misumeno midogo." Ni kweli wanayo. Nimemwahidi kwamba vitanda vikiuzwa vizuri tutauulizia. Kwa sasa ameanza ubawa wa ndege ya nne, na fito zake nimezipima kwa kipimo changu cha chuma. Katika fito ishirini, mbili tu ndizo zilizozidi. Amezisugua kwa msasa mpaka zikakaa sawa.

Swichi ya mashine nitaifungia ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo utakaa kwangu, na dada yangu ameomba wa pili akae nao yeye.