Kibao na Neno: Tafakuri juu ya Picha za Celestina

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba matini hujitosheleza, na kwamba picha vitabuni ni pambo tu. Kauli hiyo naifuta leo. Iliyonigeuza ni Celestina ya Fernando de Rojas, katika toleo lililochapwa Burgos na Fadrique de Basilea, ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa la 1499. Kazi hii ni majibizano matupu, haina maelekezo ya jukwaani. Lakini toleo hilo lina picha 17 zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, na katika mojawapo yule kuwadi mkongwe yu mlangoni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kizingiti ndicho kiini cha kisa: biashara yake yote ni kuvuka milango ya watu. Katika dibaji ya baadaye, Rojas aliwalaumu wachapaji kwa kuongeza muhtasari mwanzoni mwa kila tendo. Zamani ningekuwa upande wake. Sasa nakiri kwamba mchongaji naye alikuwa msomaji, tena aliyenitangulia kuuona mlango ule.